Mshahara wa jana uko wapi? Namna kanzidata zinavyofundishwa kukumbuka

Mwalimu wa shule ya msingi anapandishwa daraja. Barua inasema daraja jipya linaanza tarehe 1 Julai. Barua hiyo inazunguka maofisini, inamfikia ofisa utumishi wa halmashauri mwezi Novemba, na mabadiliko yanaingizwa kwenye mfumo wa mishahara Februari ya mwaka unaofuata. Mwisho wa Machi mwalimu anaukuta mshahara mpya benki. Kinachobaki ni malimbikizo: tofauti ya miezi 8, kuanzia Julai hadi Februari, ambayo ni haki yake na ambayo sasa inambidi aidai.

Dai linafika kwa mhakiki. Anaingiza cheki namba ya mwalimu, yaani namba inayomtambulisha kama mtumishi, na skrini inamletea jina, kituo cha kazi, daraja na mshahara. Daraja ni jipya, mshahara ni mpya. Lakini mhakiki hatafuti mshahara wa leo. Anatafuta mambo mawili mengine kabisa: mwezi Agosti mwalimu alistahili kulipwa kiasi gani, na mwezi huohuo wa Agosti mfumo ulikuwa umeandika kwamba anastahili kiasi gani. Tofauti ya majibu hayo mawili ndiyo fedha ya mwalimu.

Iwapo aliyejenga mfumo hakuyafikiria maswali hayo, majibu hayamo. Daraja la zamani lilitoweka sekunde ileile daraja jipya lilipoandikwa. Mhakiki atarudi kwenye majalada ya karatasi na kutafuta hati za mishahara ya miezi iliyopita. Zikikosekana, atamwambia mwalimu alete nakala zake, na mwalimu aliyekwishahama vituo viwili atapanda basi kulifuata jalada kule alikoanzia kazi.

Usumbufu huo una chanzo cha kiufundi, na chanzo hicho kina umri wa zaidi ya nusu karne.

Mwaka 1970 mwanahisabati Mwingereza Edgar Codd, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya IBM mjini San Jose, California, alichapisha makala iliyobadilisha utunzaji wa taarifa duniani. Alipendekeza taarifa zipangwe katika majedwali ya kawaida, yenye mistari na safu, na majedwali hayo yaunganishwe kwa thamani zilizomo ndani yake: cheki namba iliyo kwenye jedwali la watumishi ndiyo hiyohiyo iliyo kwenye jedwali la malipo. Miaka minne baadaye wenzake wawili wa IBM, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, walitunga lugha ya kuyahoji majedwali hayo, lugha ambayo leo inaitwa SQL. Codd alitunukiwa Tuzo ya Turing mwaka 1981, na leo ni vigumu kupata benki, kampuni ya simu au mfuko wa hifadhi ya jamii ambao hautumii kanzidata ya namna hiyo.

Kila anayejifunza SQL huanza na amri nne. SELECT husoma, INSERT huongeza mstari, DELETE huuondoa, UPDATE hubadilisha kilichomo. Amri hiyo ya mwisho ndiyo yenye hatari kubwa kwa sababu haionekani kama inaharibu chochote. Mtumiaji anaona amesahihisha. Ukweli ni kwamba amefanya kama mwalimu mwenye kifutio mbele ya ubao: kilichokuwapo hakipo tena, na darasa litakaloingia baadaye litaona maandishi mapya tu, bila kujua kama palikuwa na mengine, yaliandikwa na nani, na yalifutwa saa ngapi.

Enzi za Codd kufuta huko kulikuwa na mantiki. Diski ya IBM 3330, iliyotoka mwaka huohuo wa 1970, ilibeba megabaiti 100 kwa kila pakiti moja, na bei ya vifaa vile iliwezwa na mashirika makubwa tu. Leo simu janja ya bei ya chini kabisa inazidi ukubwa huo mara nyingi. Wakati ule kutunza daraja la zamani la mtumishi pembeni ya daraja jipya kungekuwa anasa. Kilichotakiwa ni hali ya sasa, basi.

Hata hivyo mapema sana alitokea mtu wa kuonya. Jim Gray, Mmarekani ambaye kazi yake kuhusu miamala ya kompyuta ilimpatia Tuzo ya Turing ya mwaka 1998, aliandika makala mwaka 1981 ambamo aliuita utaratibu wa kuandika juu ya taarifa za zamani kuwa ni tufaha lenye sumu, na akaacha alama ya kuuliza pembeni yake. Hoja yake ilitoka kwa wahasibu. Wahasibu wa vigae vya udongo na wa wino walikuwa na sheria wasiyoivunja: kitabu hakibadilishwi. Ukikosea, unaandika ingizo jingine la kulirekebisha lile la kwanza, na yote mawili yanabaki yakisomeka. Gray alisema mifumo mingi ya diski imeiacha desturi hiyo kwa ajili ya kasi.

Bei ya diski ilishuka. Desturi haikurudi haraka.

Katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Michael Stonebraker na wanafunzi wake walijaribu kwa vitendo. Mradi wao wa Postgres, ulioanza katikati ya miaka ya 1980, ulikuwa na ghala la taarifa lisiloandika juu ya kitu. Kila badiliko lilitengeneza mstari mpya, wa zamani ukabaki, na mtumiaji angeweza kuliuliza jedwali lilikuwaje siku fulani iliyopita. Lakini watu wa kujitolea walipoupokea mradi huo na kuufanya PostgreSQL ya leo, uwezo huo uliondolewa, katika toleo la 6.2 la mwaka 1997, kwa kuwa ulikula nafasi na kupunguza kasi. Mpaka sasa PostgreSQL huandika mstari mpya kila UPDATE inapopita. Tofauti ni kwamba kuna kazi ya usafi inayopita nyuma kwa nyuma na kuifagia mistari ya zamani. Historia inazaliwa ndani ya injini kila siku, kisha inatupwa.

Aliyeishika hoja hii kwa ukaidi kuliko wengi ni Richard Snodgrass wa Chuo Kikuu cha Arizona. Katika miaka ya 1990 aliongoza kamati iliyobuni nyongeza ya SQL kwa ajili ya muda, na mwaka 1999 akachapisha kitabu kizima cha kuwafundisha waandishi wa programu kufanya kazi hiyo kwa mkono, kwa sababu kanzidata za wakati huo hazikuwasaidia. Ilipita zaidi ya miaka 10 kabla ya viwango rasmi vya SQL kuyakubali majedwali yenye muda, katika toleo la mwaka 2011. Db2 ya IBM ilikuwa imetangulia mwaka mmoja hivi, SQL Server ya Microsoft ikafuata katika toleo la 2016, na MariaDB, ambayo ni ya bure, ikafuata mwaka 2018. PostgreSQL, katika toleo la 18 la mwaka 2025, imeleta kanuni ya kuzuia vipindi viwili vya kitu kimoja visigongane.

Kiini cha fikra ya Snodgrass na wenzake ni kwamba kila rekodi ina saa mbili. Ya kwanza ni ya duniani: jambo lilianza kuwa kweli lini. Ya pili ni ya kwenye mfumo: liliandikwa lini. Anayezichanganya hizi mbili atakosea hesabu, hata kama kila tarehe aliyoiandika ni sahihi.

Turudi kwa mwalimu. Tuseme rekodi yake ina mstari mmoja: daraja D, linalotumika kuanzia alipolipata, bila tarehe ya mwisho. Tarehe 14 Februari ofisa utumishi anaingiza mabadiliko. Mfumo wenye saa mbili hauugusi ule mstari isipokuwa kuugonga muhuri kwamba maelezo haya yaliaminiwa hadi tarehe 14 Februari. Kisha unaandika mistari miwili mipya. Wa kwanza unasema daraja D lilitumika hadi 30 Juni. Wa pili unasema daraja E linatumika kuanzia 1 Julai. Yote miwili imeandikwa tarehe 14 Februari.

Sasa mhakiki anaweza kuuliza. Kwa taarifa za leo, Agosti mwalimu alikuwa daraja gani? E. Kwa taarifa zilizokuwapo Agosti yenyewe? D. Nani alibadilisha? Ofisa fulani, siku fulani. Malimbikizo yanakokotolewa kwa dakika chache, na jalada la karatasi linabaki kwenye kabati. Mkaguzi atakayekuja miaka 5 baadaye kuuliza kwa nini Agosti alilipwa pungufu atajibiwa vilevile: mlipaji alilipa kwa mujibu wa alichokijua siku ile. Jibu hilo humlinda mwalimu, na pia humlinda mhasibu asiyekuwa na kosa.

Jambo hili lina uzito zaidi mtumishi anapostaafu. Mafao yanatokana na kumbukumbu za mishahara na michango ya miaka mingi, na miaka hiyo haikupita ndani ya mfumo mmoja. Tanzania ilipounganisha PSPF, LAPF, PPF na GEPF kuwa PSSSF mwaka 2018, kumbukumbu za wanachama wa mifuko minne zilipaswa kuishi chini ya paa moja. Katika kazi ya namna hiyo popote duniani, ni rahisi kuhamisha hali ya leo ya kila mwanachama. Kazi ngumu ni kuihamisha njia aliyopitia kuifikia.

Waandishi wengi wa programu hawaanzi na majedwali yenye saa mbili. Wanaanza na njia za mkato, na baadhi ni nzuri kwa kiasi chake. Njia inayopendwa ni triga: amri ndogo inayokaa ndani ya kanzidata na kuamka kila mstari unapobadilishwa, ikanakili thamani ya zamani kwenye jedwali la historia pamoja na saa na jina la aliyebadilisha. Wengine huongeza safu ya alama ya kufutwa, ili anayebonyeza kitufe cha kufuta awe ameuficha mstari tu. Wengine huacha kazi yote kwa programu ya juu, ile yenye vitufe na fomu, iandike kila kinachofanyika.

Njia hiyo ya mwisho ndiyo dhaifu kuliko zote, na ndiyo iliyoenea. Programu huandika yale yanayopita mlangoni kwake. Fundi anayeingia moja kwa moja kwenye kanzidata usiku, akarekebisha salio kwa mstari mmoja wa SQL kwa sababu mteja amepiga simu analalamika, haachi alama yoyote katika historia hiyo. Asubuhi salio limebadilika, na kitabu cha matukio kinasema hakuna aliyeligusa.

Triga nazo zina tatizo lisiloonekana kwa haraka. Mifumo mingi ya wavuti huingia kwenye kanzidata kwa akaunti moja tu kwa niaba ya watumiaji wote. Karani wa mapokezi, muuguzi, mhasibu na mkurugenzi wote hupita kwa jina lilelile. Mkaguzi akifungua jedwali la historia atakuta mabadiliko maelfu, yote yamefanywa na mtu mmoja ambaye hayupo kwenye orodha ya waajiriwa. Dawa inajulikana: programu itaje jina la mtumiaji halisi kila inapofungua muamala. Inachukua siku chache za kazi, na wengi huikumbuka baada ya fedha kupotea.

Hata saa yenyewe hukosewa. Seva nyingi hutunza muda kwa saa za dunia, yaani UTC, ambazo ziko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Malipo yaliyofanyika saa saba usiku wa kuamkia tarehe 1 Julai huandikwa kwenye seva kuwa ni saa nne usiku ya tarehe 30 Juni. Kwa serikali za Tanzania, Kenya na Uganda, ambazo mwaka wao wa fedha huanza tarehe 1 Julai, ripoti isiyozirudisha saa hizo mahali pake huyahesabu malipo hayo katika bajeti ya mwaka uliokwisha.

Hayo ni makosa ya uzembe. Yako mengine yanayowapeleka watu gerezani.

Mwaka 2003 Lee Castleton na mkewe walinunua duka lenye ofisi ya posta katika mji wa pwani wa Bridlington, Uingereza. Ofisi za namna hiyo zilitumia mfumo wa kompyuta uitwao Horizon, uliojengwa na kampuni ya ICL, ambayo baadaye ikawa Fujitsu. Miezi michache baadaye mfumo ulianza kuonyesha upungufu wa fedha ambao Castleton hakuweza kuueleza. Alipiga simu kituo cha msaada mara 91. Hakupata jibu. Alisimamishwa kazi, Posta ikamshtaki kwa madai ya kama pauni 25,000, na mwaka 2007 Mahakama Kuu mjini London iliipa ushindi Posta pamoja na gharama za kesi zipatazo pauni 321,000. Castleton, ambaye alijitetea mwenyewe kwa kukosa fedha za wakili, alifilisika.

Hakuwa peke yake. Kati ya mwaka 1999 na 2015 zaidi ya mawakala 900 wa posta walitiwa hatiani kwa wizi, udanganyifu au kughushi hesabu, ushahidi mkuu ukiwa takwimu za Horizon. Wengine walifungwa, baadhi walikufa kabla ya kusafishwa majina yao. Posta ilishikilia kwa miaka mingi kwamba hakuna mtu wa nje awezaye kugusa hesabu za tawi bila wakala kujua. Kama fedha hazipo, basi wakala kachukua.

Kwa mtu anayefuatilia utunzaji wa kumbukumbu, sehemu inayouma zaidi ni kwamba Horizon ilikuwa na historia. Haukuwa mfumo uliojengwa kiholela katika eneo hilo. Katika toleo lake la awali kila tukio la kaunta liliongezwa mwishoni mwa mfululizo wa ujumbe, na nakala ya ukaguzi ilitunzwa. Kwenye karatasi, Jim Gray angeridhika. Tatizo lilikuwa kwingine. Mafundi wa kitengo cha msaada cha Fujitsu mjini Bracknell waliweza kuingiza ujumbe katika mfululizo wa tawi kutoka mbali. Katika hukumu yake ya Desemba 2019, katika kesi iliyofunguliwa na Alan Bates na wenzake, jumla yao watu 555, Jaji Peter Fraser alikubali kwamba uwezo huo ulikuwapo, na kwamba maingizo hayo yangeweza kuonekana kana kwamba yamefanywa na wakala mwenyewe.

Historia ilikuwapo. Safu ya nani ndiyo iliyosema uongo.

Kisa kidogo kutoka kijiji cha Lepton, jirani na Huddersfield, kinaonyesha jambo hilo kwa karibu. Oktoba 2012 mteja alikwenda kulipa bili ya simu ya pauni 76 hivi. Mawasiliano yakakatika katikati ya kazi. Mfumo uliporudi hewani, wenyewe uliugeuza ule muamala katika hatua ya kujirekebisha. Lakini taarifa ya muhtasari ambayo wachunguzi wa Posta walizoea kuisoma ilionyesha kwamba wakala ndiye aliyeugeuza. Kumbukumbu za ndani zaidi, zilizopaswa kuombwa Fujitsu, ndizo zilizobeba ukweli. Mchunguzi wa Posta yenyewe aliliandika jambo hilo katika ripoti ya ndani mwaka 2013, akieleza wasiwasi wake kuhusu namna takwimu hizo zinavyoweza kupotosha. Muamala mmoja, majibu mawili, na ni jibu moja tu lililozoeleka kupelekwa mbele ya wachunguzi.

Aprili 2021 Mahakama ya Rufani ilifuta hatia za watu 39 kwa mkupuo. Mei 2024 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyofuta mamia ya hatia nyingine, hatua ambayo ni nadra mno katika nchi inayojivunia kuwaachia majaji kazi ya kuhukumu.

Kenya ilikabiliana na swali la aina hiyo katika mahakama ya juu kabisa. Baada ya uchaguzi wa rais wa tarehe 8 Agosti 2017, Mahakama ya Juu iliiamuru tume ya uchaguzi, IEBC, iwaruhusu wataalamu wa pande husika kuzisoma seva zake, kusoma tu bila kuandika, pamoja na kumbukumbu za nani aliingia kwenye mfumo na lini. Tume haikutimiza amri hiyo kikamilifu. Tarehe 1 Septemba majaji wanne dhidi ya wawili walibatilisha matokeo, na katika hukumu kamili iliyosomwa tarehe 20 mwezi huo walieleza kwamba kutozifungua seva kuliwaacha waamini hoja za mlalamikaji kuhusu mfumo huo. Kumbukumbu ambazo mafundi wengi huziona kama vumbi la mashine ziligeuka kuwa kitu ambacho kura za taifa zima ziliegemea.

Visa hivi viwili vinauliza swali gumu kuliko la UPDATE. Kama msimamizi wa kanzidata ana uwezo wa kila kitu, ni nini kinachomzuia kuibadilisha historia yenyewe? Majedwali yenye muda ya SQL Server au MariaDB humzuia mtumiaji wa kawaida, lakini mwenye funguo zote anaweza kuuzima ulinzi, akasafisha, akauwasha tena.

Jibu zuri lilipatikana New Jersey, Marekani. Stuart Haber na Scott Stornetta, watafiti wa kampuni ya Bellcore, walichapisha mwaka 1991 njia ya kuifunga mihuri ya muda katika mnyororo. Kila rekodi hupigiwa hesabu inayozaa namba ndefu. Namba hiyo huingizwa katika hesabu ya rekodi inayofuata, na hiyo katika inayofuata. Ukibadilisha herufi moja katika rekodi ya mwaka juzi, namba zote zilizokuja baadaye hazilingani tena. Ili asiwepo wa kuupiga upya mnyororo mzima kwa siri, kuanzia mwaka 1995 kampuni yao ya Surety ilichapisha namba ya wiki katika matangazo madogo ya gazeti la New York Times. Nakala za gazeti zilikuwa zimesambaa majumbani na maktabani. Hakuna fundi wa kompyuta ambaye angeweza kuzikusanya zote na kuzibadilisha. Waliobuni Bitcoin waliijua kazi hiyo na kuitaja, lakini wazo lenyewe halihitaji sarafu wala soko lake. SQL Server ya 2022 ina majedwali ya leja yanayotumia mnyororo wa namna hiyo, na taasisi yoyote inaweza kutoa namba yake ya siku na kuikabidhi kwa mtu wa nje: mkaguzi, msajili, hata mshindani.

Kukumbuka kila kitu nako kuna madhara. Mgonjwa aliyeandikiwa kwa makosa ugonjwa asio nao, kisha rekodi ikasahihishwa, hataki kosa hilo lisomwe na kila karani anayefungua ukurasa wa historia. Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 ya ulinzi wa data inampa mtu haki ya kudai taarifa zake zisahihishwe au zifutwe pale zisipostahili kuwapo. Tanzania nayo ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Mtunza kumbukumbu amebanwa pande mbili, lakini ana pa kupitia. Majina na vitambulisho huwekwa mbali na miamala, na jedwali la historia hufunguliwa na wachache kuliko jedwali la sasa. Njia nyingine ni kuzifunga taarifa za kila mtu kwa ufunguo wake, kisha kuuharibu ufunguo huo sheria inapotaka afutwe. Mnyororo unabaki mzima, jina halisomeki tena. Na muda wa kutunza uandikwe mapema: historia isiyo na kikomo huvimba hadi mfumo ukalemewa, kisha fundi aliyechoka huifuta yote siku moja bila kumuuliza mtu.

Mwezi Machi 2016 Rais John Magufuli aliwaagiza wakuu wa mikoa wa Tanzania kuwasaka wafanyakazi hewa, na katika miezi michache zaidi ya majina 10,000 yaliondolewa kwenye orodha ya malipo. Kazi ilifanyika kwa kuhesabu vichwa, kituo kwa kituo, na ilileta matunda. Lakini kuhesabu vichwa hutoa jina hewa bila kumtoa aliyeliingiza. Jina la aliyeliingiza, siku aliyoliingiza, na nani aliidhinisha kila mwezi, hayo hupatikana katika historia ya rekodi peke yake.

Mwaka huu kuna saccos zinazonunua mfumo mpya, kuna hospitali za misheni zinazoachana na mafaili, kuna halmashauri zinazoandaa zabuni. Kamati za manunuzi hukagua rangi za skrini, kasi na bei. Ziongeze jaribio moja la nusu saa kabla ya kusaini. Mzabuni aingize rekodi ya majaribio na kuibadilisha mara tatu kwa majina ya watumiaji watatu, mara moja kwa kurudisha tarehe nyuma. Kisha mfumo uonyeshe rekodi hiyo ilivyokuwa kabla ya kila badiliko, nani alibadilisha, lini aliandika, na badiliko linahesabika kuanzia lini. Baada ya hapo fundi wa mzabuni aingie kwa akaunti ya msimamizi mkuu na ajaribu kulifuta badiliko la pili kimyakimya. Akifanikiwa bila mfumo kupiga kelele, mkataba usisainiwe.